Chumba kipya kinapotoka jasho



Juma hili tunaongea juu ya jambo lililotuaibisha sisi wenyewe. Mwenzetu mmoja alijifungua, na kwa desturi yetu tukatoa kidogo kidogo kwenye likelemba ili chumba chake kipendeze. Nyumba yake ni ya mbao, iko juu mlimani upande wa Masisi, penye baridi. Tuliziba nyufa zote za mbao. Tukaziba pia uwazi ulio kati ya ukuta na mabati kwa magunia na plastiki, ili upepo usimpate mtoto. Kisha tukapaka rangi ya mafuta, inayong'aa. Siku ya kumwingiza mzazi tulipiga vigelegele.

Majuma matatu hayakuisha. Asubuhi maji yalikuwa yanatiririka ukutani, godoro limelowa, na nyuma ya kitanda kuvu nyeusi imeanza kupanda. Mtoto alikohoa. Jirani mmoja akasema kuna mkono wa mtu. Mwingine akasema fundi alituuzia rangi mbaya. Lakini haukuwa uchawi, wala haikuwa rangi mbaya. Kosa lilikuwa letu.

Maji yalitoka wapi?

Yalitoka kwetu. Mtu aliyelala usiku kucha hutoa kwa pumzi na jasho karibu glasi moja ya maji, au zaidi. Sasa hesabu: mama, baba, watoto, na jamaa waliokimbia vita ambao tumewapokea. Watu wanane katika nyumba ndogo wanaweza kutoa zaidi ya lita mbili mpaka asubuhi. Ongeza sufuria ya maharagi inayochemka bila kifuniko, na nguo za mtoto zilizoanikwa ndani kwa sababu nje kuna mvua.

Hewa ya joto hubeba maji hayo bila sisi kuyaona. Ikigusa kitu cha baridi, inayaachilia. Kila mama amekwisha kuliona jambo hili: funua sufuria, utakuta matone chini ya kifuniko. Usiku mbingu ikiwa wazi, mabati hupoa sana, na nyumba nzima inakuwa sufuria yenye kifuniko. Ndiyo maana pengine mabati yanadondosha maji na nje hakuna mvua.

Zamani chumba kile kilipumua kwa nyufa zake. Sisi tulizifunga zote kwa siku moja, na rangi ya mafuta ikazuia mbao zisinywe hata tone.

Kwanza ujue ni maji gani

Kabla ya kununua rangi nyingine, fanya hivi. Kata kipande cha plastiki, ukubwa wa sahani. Kibandike ukutani kwa skochi pande zote nne, ukiache siku mbili. Maji yakionekana juu ya plastiki, upande wa chumbani, yametoka katika hewa ya nyumba. Yakionekana nyuma ya plastiki, yametoka ndani ya ukuta: ni mvua, au ni maji ya udongo yanayopanda. Ya kwanza dawa yake ni hewa. Ya pili dawa yake iko nje ya nyumba.

Tulivyotengeneza

Tulitoa magunia kule juu, tukaacha uwazi wa vidole viwili chini ya mabati, pande mbili zinazotazamana. Juu ya kitanda tukatandaza mkeka kama dari, baridi isimwangukie mtoto. Kitanda tukakisogeza mbali na ukuta kwa shubiri moja. Asubuhi mlango na dirisha vinafunguliwa pamoja robo saa, hata kukiwa na baridi. Godoro linasimamishwa, na jua likitoka linaanikwa.

Kuvu tuliisugua kwa maji ya moto na sabuni, tukakausha kabisa. Usipake rangi juu ya kuvu, itarudi. Ukitumia javeli, fungua mlango, mtoto awe nje, na usiichanganye kamwe na siki, ndimu wala dawa nyingine: inatoa hewa ya sumu.

Mbabula

Hapa tunawaomba msome polepole. Yule mwenzetu, alipoona ukuta umelowa, aliingiza mbabula usiku ili chumba kikauke. Kila asubuhi aliamka kichwa kinamuuma na macho mazito. Alidhani ni uchovu wa uzazi.

Makala yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na moshi wala harufu. Katika chumba kilichozibwa inaweza kuua watu wote waliolala, wala hakuna atakayeamka kupiga kelele. Makala yaliyofunikwa na majivu bado yanaitoa. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi. Mbabula itolewe nje kabla ya watu kulala, kila usiku. Mtoto tumfunike blanketi, tumweke karibu na mwili wa mama. Mtu akiumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu chumbani penye makala, atolewe nje mara moja, apelekwe kituo cha afya.

Tungalichelewa kuuliza juu ya kile kichwa, leo tungekuwa tunaandika habari nyingine.

Kwa wenzetu wa Walikale

Kwenu kuna joto na msitu, na hewa yenyewe ina maji. Huko mara nyingi adui anatoka chini na nje. Chimbeni mtaro unaopeleka maji ya mabati mbali na ukuta. Paa litokeze mbele, mvua isipige udongo. Ukuta wa miti na udongo msiufunge kwa sima wala rangi ya mafuta, maana maji yakiingia hayapati njia ya kutoka, na miti inaoza ndani. Chokaa au udongo mweupe hupendeza na huacha ukuta upumue. Jiko liwe nje ya chumba cha kulala.

Kazi ya juma hili

Kila kikundi kitembelee nyumba moja ya mzazi. Msiende na rangi. Nendeni na kipande cha plastiki na maswali mawili: hewa inaingia wapi, na mbabula inalala wapi? Mkikuta mtoto anayekohoa na kupumua haraka, au mbavu zake zinaingia ndani akivuta pumzi, msingoje ukuta ukauke. Mpelekeni kwa muganga siku ileile.

Yule mtoto wetu sasa anakaa mwenyewe. Ukuta una madoa bado, na hakuna anayepiga vigelegele akiuona, lakini mama yake anaamka bila kuumwa kichwa.

Tuonane juma lijalo.