Jibu Lisilotazamiwa Darasani

Wako walimu waaminio kwamba somo la Sayansi limefundishwa vema endapo watoto wamekariri fasili na kuijibu bila kukosea. Kwa maoni yangu, imani hiyo huwanyima watoto kiini cha somo lenyewe. Wanachuo na waitazame kazi ya Anne L'Huillier, mwanafizikia aliyezaliwa Paris mwaka 1958.

Mwaka 1987, katika maabara ya Saclay nchini Ufaransa, yeye na wenzake walipitisha katika gesi ya agoni nuru ya leza isiyoonekana kwa macho. Gesi ikatoa nuru za namna nyingine, zenye mitetemo mingi zaidi kwa sekunde, kama vile uzi wa zeze utoavyo sauti nyembamba juu ya sauti yake ya msingi. Ilitazamiwa kwamba kadiri mitetemo ilivyozidi, nuru zingefifia upesi. Hazikufifia, nyingi zilikuwa na nguvu karibu sawa. Mwalimu wa kukaririsha angalilifuta jibu hilo ubaoni. L'Huillier alilifuatia kwa miaka mingi, kwanza Ufaransa, kisha katika Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi.

Nuru hizo zikipatana huungana kuwa mimweko mifupi mno. Mwaka 2001 Pierre Agostini na wenzake, huko huko Ufaransa, walipima mimweko ya atosekunde 250; naye Ferenc Krausz, huko Vienna, alitenga mmweko mmoja wa atosekunde 650. Sekunde moja ina atosekunde milioni milioni milioni.

Ufupi huo wa nini? Mwambie mtoto atazame spoki za baiskeli gurudumu lizungukapo mbio. Ataona ukungu tu. Lakini gurudumu lilo hilo likimulikwa gizani kwa mmweko mfupi, spoki huonekana kana kwamba zimesimama. Elektroni nazo hutaka mmweko mfupi kuliko mwendo wao. (Mfano huu una mpaka wake: elektroni haizunguki kama gurudumu, na mwalimu aseme hivyo.) Kwa mimweko hiyo kundi la Lund limeweza kupima tofauti za muda elektroni zinapotoka katika atomu.

Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2023. Simu ya habari hiyo ilimkuta L'Huillier akifundisha. Aliipokea wakati wa mapumziko, kisha akarudi kumalizia kipindi.

Nitaambiwa kwamba muhtasari ni mrefu na mtihani haungoji. Ni kweli. Hata hivyo, mtoto aliyefundishwa kwamba mmea huhitaji nuru ili ukue, akipanda maharage, ataona mche uliofungiwa kabatini umerefuka kuliko ule wa dirishani. Atakuja kwako amefadhaika. Usimwambie amekosea, wala usikimbilie kumpa sababu. Andika ubaoni alichokiona, ipandwe mbegu nyingine, na darasa lipime kila siku urefu wa miche yote, unene wa mashina na rangi ya majani.