Karakana ya Nyumbani: Kopo Lisilo na Alama

Fundi mmoja wa upande wa Elburgon, mji ambao watu wake wengi wamekula jasho la mbao tangu zamani, aliletewa msumeno wa petroli uliozimika ghafula kazini. Mwenyewe, kijana mwenye mke na watoto wawili, alikuwa ameununua kwa mkopo, na kazi ya msumeno huo ndiyo iliyokuwa ikilipa deni. Fundi hakukimbilia kabureta, kama wafanyavyo wengi. Alitandika kitambaa safi juu ya meza, akafungua ekzosi, akamulika tochi katika tundu la moshi. Pistoni ilikuwa na michirizo mirefu, kana kwamba imepigwa tupa.

"Kijana wangu, petroli hii uliitoa wapi?"

"Katika kopo lililo karibu na mlango, mzee."

Kopo lile lilikuwa na petroli tupu ya pikipiki, na lile lenye mchanganyiko lilikuwa kando yake. Yalifanana kama mapacha.

Injini ya msumeno haina mahali pake pa kuwekea oili kama ilivyo injini ya motokaa. Oili yake huchanganywa na petroli, na ikikosekana, pistoni hupata moto na kukwaruzana na silinda mpaka ikwame. Misumeno mingi ya siku hizi hutaka sehemu 50 za petroli kwa sehemu moja ya oili, yaani mililita 100 katika lita 5. Mingine ya zamani hutaka sehemu 25 kwa moja, yaani mililita 200. Kitabu cha mashine ndicho cha kufuatwa, wala si maneno ya jirani.

Basi karakana, hata ikiwa ni kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, yafaa ianze na makopo. Kila kopo liandikwe kwa rangi lililo nalo, lifungwe sawasawa, na likae mbali na jiko na watoto. Meza iwekwe penye mwanga. Spana, bisibisi na tupa zitundikwe ukutani kwa misumari, na umbo la kila chombo lichorwe kwa chaki mahali pake. Jioni, chombo kilichopotea hujitangaza chenyewe. Kwa skrubu ndogo, trei ya mayai ni bora kuliko sanduku la fahari: zikipangwa kwa taratibu zilivyotolewa, hurudi kwa taratibu hiyo hiyo. Unga wa mbao nao ufutwe kabla ya kufungua cho chote, maana chembe moja yatosha kuziba kijitundu cha kabureta.

Liko jambo moja liwatoalo machozi wanafunzi wa ufundi. Klachi ya misumeno mingi hufunguka kinyume cha nati za kawaida, yaani kwa kuzungushwa kuelekea kulia. Asiyejua huongeza nguvu, na nguvu huvunja.

Kuhusu meno, yafaa kumkumbuka Joseph Cox, mkata miti wa Oregon huko Marekani. Mwaka 1946 alitazama buu akila gogo, akaona jinsi taya zake zilivyokata kushoto na kulia, naye akatengeneza mnyororo kwa mfano huo. Mnyororo wa leo ungali una meno ya kushoto na ya kulia yanayopokezana. Kwa hiyo anayenoa upande mmoja kuliko mwingine ataona msumeno ukikata kwa kupinda, kisha aulaumu mti. Tupa iende upande mmoja tu, kutoka ndani kwenda nje, na kila jino lipewe idadi ile ile ya mapigo.

Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, Februari 2018, msumeno uliolazwa na petroli tangini haukuharibiwa na kazi bali na usingizi. Petroli iliyokaa muda mrefu huacha utando unaonata, na vipira vya kabureta hukakamaa. Atakayeulaza kwa miezi amwage petroli yote, kisha auwashe mpaka uzime wenyewe.

Yule kijana wa Elburgon ilimlazimu kununua pistoni na silinda mpya. Fundi alikubali kulipwa ujira wake kwa awamu mbili. Kabla ya kumkabidhi msumeno aliuwasha, akauacha ungurume polepole, akahakikisha mnyororo umesimama kabisa. Kwa maana mnyororo unaozunguka wakati injini inapumzika waweza kumkata mtu mguu. Kisha akachukua brashi na rangi nyekundu, akamwambia kijana akalete makopo yote mawili.