Kumjua Mungu si Kupata Maksi

Wanafunzi wenzangu, na ninyi mliokwisha kuondoka shuleni kama mimi, nataka kusema neno juu ya vitabu vya dini. Mara nyingi vijana huniuliza, "Nisome kitabu gani nipate kumjua Mungu?" Swali ni jema. Lakini kwanza yatupasa kufahamu kwamba kujua habari za Mungu ni jambo moja, na kumjua Mungu mwenyewe ni jambo jingine.

Nilipokuwa kidato cha pili nilipata maksi nyingi katika somo la Biblia, na mwalimu akanisifu mbele ya darasa. Juma lile lile nilikuwa nimechukua sabuni ya jirani yangu wa bweni, na aliponiuliza nikakana kabisa. Kichwani nilikuwa na safari zote za Mtume Paulo. Sandukuni nilikuwa na sabuni ya mwenzangu.

Likizo ilipofika nilisoma Maungamo ya Augustino. Huyu alikuwa Mwafrika, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria, akawa askofu wa Hippo. Aeleza jinsi yeye na wenzake walivyoiba mapeasi ya jirani alipokuwa na umri wa miaka 16. Hawakuwa na njaa. Mengi waliwatupia nguruwe. Askofu mkubwa hakuona haya kuungama wizi wa ujana wake, nami nilikuwa nikificha sabuni! Shule ilipofunguliwa nilimlipa yule mwenzangu. Alicheka, akasema alijua tangu siku ile ile.

Kwa wale wasemao kwamba kazi ni nyingi hata hawana nafasi ya kusali, nawasifia kitabu cha Ndugu Lawrence, The Practice of the Presence of God. Alikuwa mtawa wa Paris, akafariki mwaka 1691. Hakuwa padre wala mwalimu. Miaka mingi alipika jikoni, kazi ambayo kwa asili hakuipenda. Lakini alijizoeza kuzungumza na Mungu katikati ya sufuria. Mwanafunzi aliye zamu ya kuosha vyombo na amsome huyu.

Kitabu cha tatu ni cha hapa kwetu Uganda. Mwezi wa Februari, mwaka 1977, wakati wa utawala wa Idi Amin, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Siku chache baadaye Askofu Festo Kivengere wa Kigezi na mkewe walivuka milima usiku kwa miguu, wakaingia Rwanda. Mwaka ule ule kikatoka kitabu chake kidogo, I Love Idi Amin, yaani Nampenda Idi Amin. Jina hilo liliwashangaza wengi. Hakusema kwamba mauaji yalikuwa mema. Alisema kwamba Mkristo hana ruhusa ya kuweka chuki moyoni. Nasi tutashindwaje kumsamehe aliyetutania uwanjani?

Wengine watasema, "Biblia yatosha." Ni kweli, Biblia ndiyo ya kwanza, wala hakuna kitabu cha kushika mahali pake. Lakini msafiri, hata akiijua njia kwa kuambiwa, hufurahi akikutana na mtu aliyekwisha kuipita, amwonyeshe penye matope na penye maji safi.

Basi shauri langu ni hili: usikimbilie vyote vitatu ili ujisifu kwamba umesoma. Haba na haba hujaza kibaba. Chukua kimoja, usome sura moja, kisha kifunge. Usijiulize, "Nimekumbuka nini?" kama mtu angojaye mtihani. Jiulize, "Ni nani ninayepaswa kumlipa, na ni nani ninayepaswa kumsamehe?" Ukipata jibu, inuka uende kwake kabla hujafungua sura ya pili.