ANAYESAIDIA OFISINI SIO LAZIMA ANAJIPENDEKEZA KWA BOSI

Kuna dada wa mapokezi kwenye redio moja hapa Dar, wenzake wamempachika jina la Mama Huruma. Kijana mpya akikwama na kompyuta, yeye ndo anamuelekeza. Mtangazaji akinasa kwenye foleni, yeye ndo anampa mgeni maji na kumpigisha stori. Kwenye mkataba wake hayo hayapo. Pembeni wanamsema: anatafuta cheo huyo!

Tatizo ni fikra. Anayeingia kazini akiwazia mshahara wake tu, kila anayesaidia anamuona mnafiki. Anayejua kazi ni ya wote hamuachi mwenzake aumbuke hewani, maana kesho itakuwa zamu yake.

Mmarekani Dennis Organ aliandika kitabu kizima kuhusu watu hawa mwaka 1988. Anasema misaada hii midogo ikijumlishwa ndo inaifanya ofisi isonge.

Ila mabosi nao wasijisahau! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka saa za ziada zilipwe angalau mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Kumsaidia mwenzio dakika 10 ni moyo. Kubakishwa mpaka saa 3 usiku kila siku bure ni unyonyaji, na hapo ndo mtu anaanza kusema "hainihusu".

Wiki iliyopita Mama Huruma aliumwa siku mbili. Wageni walikaa kwenye benchi mpaka wakaondoka zao. Sasa hivi hakuna anayemsema.

Vipi, ofisini kwenu nani ndo Mama Huruma? Funguka hapo chini.