Mkanyagano Hauletwi na Kukosa Subira

Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walikufa katika uwanja wa Majengo hapa Moshi, kwenye ibada ya Boniface Mwamposa, pale umati ulipoelekea sehemu moja ili kukanyaga mafuta ya upako. Kwa siku nyingi baada ya msiba, sokoni, ndani ya daladala na hata kwenye vilabu vya mbege huko juu Kibosho, maelezo yalikuwa yale yale: watu wana tamaa ya miujiza, watu hawana subira. Mwaka uliofuata, Machi 21, watu 45 walikufa Dar es Salaam katika Uwanja wa Uhuru walikokwenda kumuaga Rais John Magufuli. Polisi nao walieleza kuwa baadhi ya waombolezaji walikosa subira wakataka kuingia kwa nguvu.

Maelezo haya yanapendwa kwa sababu yanamtwisha lawama marehemu, na marehemu hajibu. Mimi nayakataa.

Mtu aliye nyuma kwenye umati haoni kinachotokea mbele. Anaona visogo tu, na anaona nafasi ndogo mbele yake, basi anasogea hatua moja. Wenzake elfu moja wakisogea hatua hiyo hiyo, uzito wote unamwangukia aliyebanwa mlangoni. Watu wakishafika sita au saba katika mita moja ya mraba, hakuna tena anayeamua aende wapi. Miguu inanyanyuka, mwili unabebwa kushoto na kulia. Na wengi wanaokufa hawafi kwa kukanyagwa. Wanakufa wamesimama, kifua kimebanwa hadi pumzi inakata. Mtu wa namna hiyo utamwambia awe na subira ipi?

Nalisema hili sasa kwa sababu ya stesheni. Treni ya abiria ilirudi Moshi Desemba 2019 baada ya takriban robo karne, na Oktoba 2020 ikafika Arusha. Upo mpango wa SGR ya Tanga, Arusha hadi Musoma, ambayo itapita huku kwetu. Ipo pia stendi mpya ya Ngangamfumuni, ambayo ujenzi wake ulivuta miaka. Kila yanapozungumzwa majengo haya nasikia sauti ile ile ya watu wenye akili zao: wakituwekea mageti ya tiketi kama ya Dar, fujo itakwisha na abiria watakuwa salama. Moshi tunajivunia usafi na utaratibu, kwa hiyo geti linatuvutia. Lakini geti la tiketi linalinda nauli. Usalama wa abiria ni kazi nyingine kabisa, na mara nyingi hizi kazi mbili zinagombana.

Mfano mkubwa uko Uingereza. Aprili 15, 1989, mashabiki wa Liverpool walifika uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield. Upande wa Leppings Lane, watu wapatao 10,000 wenye tiketi za kusimama walitegemea mageti 7 ya kuzunguka. Mwongozo wa usalama wa viwanja wa nchi hiyo unasema geti moja lisitegemewe kupitisha zaidi ya watu 660 kwa saa, yaani 11 kwa dakika. Piga hesabu mwenyewe. Msongamano nje ukawa wa kutisha, polisi wakafungua geti kubwa la kutokea ili kuwanusuru watu, lakini hakuna aliyewaelekeza waende pembeni kulikokuwa na nafasi. Wakamiminika kwenye njia ya katikati, kwenye vizimba vilivyokwisha kujaa, na mbele yao kulikuwa na uzio wa chuma. Walikufa 97. Kwa miaka mingi polisi na baadhi ya magazeti walisema walevi wasio na tiketi ndio waliosababisha maafa. Ilichukua hadi Aprili 2016 kwa baraza la wazee wa mahakama kutamka kuwa mashabiki hawakuwa na hatia. Miaka 27 wazazi walizika watoto wao mara mbili, kwanza miili na kisha majina.

Stesheni ya Bethnal Green, London, ni hivyo hivyo. Machi 3, 1943, watu 173 walikufa kwenye ngazi za kuingilia walipokuwa wakikimbilia chini kujikinga na mabomu. Mlango ulikuwa mmoja, mwanga hafifu, hakuna hata reli ya kushikilia katikati ya ngazi. Halmashauri ya eneo ilikuwa imeomba kurekebisha mlango ule kabla, ikakataliwa. Hata hapo wapo waliosema ni hofu ya watu tu.

Wenzetu walijifunza kwa gharama hiyo. Leo mageti ya treni za chini ya ardhi London yana kitufe cha dharura cha kuyafungua yote kwa mpigo, na pasipokuwa na mhudumu huachwa wazi, hata kama nauli itapotea. Wajerumani, ambao reli yao kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, kwao Berlin hawana mageti kabisa kwenye treni za mjini. Mkaguzi hupita ndani ya mabehewa na asiye na tiketi hupigwa faini.

Sisemi mageti yote yang'olewe. Mlimani kwetu liko geti linalofanya kazi ya usalama. Ukipanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame unaandikwa jina getini, unaandikwa tena kila kambi, na mzigo wa mpagazi unapimwa usizidi kilo 20. Usipoteremka, wanajua walikuona wapi mara ya mwisho. Pale geti linahesabu watu. Kwenye stesheni tunataka lihesabu tiketi tu.

Sasa fikiria Desemba. Wachaga wanarudi nyumbani kwa Krismasi, na kila mwenye safari anajua hali inavyokuwa. Mlango mmoja, askari mmoja anasoma tiketi kwa tochi ya simu. Mama ana mtoto mgongoni, ndoo ya mafuta ya kula mkono huu, sanduku mkono ule. Januari anarudi mjini na mkungu wa ndizi na kiroba cha magimbi, kwa hiyo anachukua nafasi ya watu wawili. Treni ikiwa na abiria 800 na mlango ukapitisha 11 kwa dakika, wa mwisho atapita baada ya zaidi ya saa moja, huku honi inalia. Akisukuma, tutasema hana subira. Na ule mlango wa pili, wa dharura, una kufuli, na mwenye ufunguo amekwenda kunywa chai.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza mageti mangapi yatanunuliwa, Halmashauri ya Manispaa, Shirika la Reli na Zimamoto watuambie jukwaa linabeba watu wangapi na nani atazuia mauzo ya tiketi likijaa. Watuambie milango ya kutokea ni mingapi na upana wake ni mita ngapi. Umeme ukikatika, geti linafunguka lenyewe au linajifunga? Mhudumu wa zamu ana ruhusa ya kulifungua bila kumpigia simu bosi na bila kukatwa nauli kwenye mshahara? Majibu yabandikwe ukutani, mahali abiria wanapoyaona, kabla Desemba haijafika.