Betri nayo ihakikiwe
Simu tunazihakiki, ila betri tumeisahau. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilipozima simu feki Juni 2016, tulifundishwa kubonyeza *#06# na kutuma namba ya IMEI inayotokea kwenda 15090. Betri haina namba ya kutuma. Mimi nilinunua moja Kariakoo, mtaa wa Aggrey. Haikumaliza miezi mitatu, mfuniko wa nyuma ukaanza kuachia, kutazama ndani betri imetuna kama andazi. Fundi aliitoa polepole kwa kadi ya plastiki, bisibisi hakuigusa, maana betri ya lithiamu ikitoboka inaweza kuwaka. Na mimi nilikuwa naichaji chini ya mto, mwanangu kalala pembeni! Jamani, ukiona mfuniko unanyanyuka, zima simu papo hapo, ipeleke kwa fundi.