Shimo Lina Mwenyewe

Barabara ikisha kujengwa, mkandarasi huondoa mitambo yake, huvunja kambi, akaenda zake. Kinachobaki kijijini ni shimo lilikotoka changarawe. Masika hulijaza maji. Mbu huzaliana humo, na watoto huenda kuogelea. Mtoto akizama, twaambiwa kwamba ni mapenzi ya Mungu. Ndugu wapendwa, tusimsingizie Mungu.

Torati ilikwisha kulitolea jambo hili hukumu. Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, aya ya 33 na 34, chaagiza kwamba mtu akichimba shimo asilifunike, kisha ng'ombe au punda akatumbukia, mwenye shimo sharti alipe. Tazameni basi: mwenye ng'ombe hashitakiwi kwa kutochunga vema. Anayedaiwa ni yule aliyeliacha shimo wazi. Na hiyo ni sheria ya kumlinda punda, sembuse mtoto wa mtu!

Husemwa kwamba mwenye shamba alikwisha kulipwa. Alilipwa nini? Aliuza mchanga na changarawe, lori moja moja. Hakuuza usalama wa jirani zake, maana haukuwa wake kuuza. Gharama ya kufukia haikuingizwa katika bei ile. Ndiyo sababu kokoto huwa rahisi mjini: kilichopunguzwa huko hulipwa na kijiji.

Sheria za Kenya hazikunyamaza. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 yaruhusu kutolewa amri ya kumlazimisha aliyeharibu ardhi airekebishe. Wala mtu asituambie kwamba haiwezekani. Kule Bamburi, kaskazini ya Mombasa, machimbo ya kiwanda cha saruji yalikuwa mwamba mtupu wa matumbawe, mahali pagumu kuliko shimo lolote la mchanga. Kuanzia mwaka 1971 René Haller alipanda humo mivinje, akaleta majongoo wayasage majani yaliyopukutika, hata udongo ukapatikana na msitu ukaota.

Twaziomba kamati za haki na amani za parokia ziyahesabu mashimo yaliyo wazi, ziandike nani alichimba na mwaka gani, kisha zipeleke orodha hiyo kwa ofisi ya mazingira ya kaunti na kudai jibu kwa maandishi. Na parokia zinazojenga (nazo ni nyingi, Mungu azibariki) zimwulize mwenye lori, kabla ya kumlipa, changarawe hiyo imetoka shimo lipi, na nani atalifukia.